Mtungi wa Dani Kwenye Foleni ya Kanisa

Juzi mtungi wa Dani ulipasuka. Hakuna aliyeuangusha wala kuupiga teke. Ulichoka tu, ukafanya ufa mdogo chini, na tulipoamka maji yalikuwa yamefika uvunguni mwa kitanda. Mama alitazama sakafu, akatazama mtungi, akaniambia nimpe yule jamaa anayepita hapa Kawangware na gunia akikusanya plastiki kuukuu. Nilimwita. Alipokuja nikafungua kifuniko ili nimwage maji yaliyobaki, na harufu ikanipata puani: mafuta ya kupikia. Mtungi uliosuguliwa kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni na maji ya moto miaka yote hii, bado ulinuka mafuta ya ule mkahawa wa mandazi ulikotoka. Dani alikuwa akiiita harufu ile baraka. “Ukipika na maji yangu,” aliwaambia majirani, “unasevu mafuta.”

Nikamwambia jamaa arudi siku nyingine.

“Mtungi imepasuka na bado unairingia?” akaniuliza, akajitwika gunia lake na kwenda zake. Ningeanzia wapi kumweleza?

Dani ndiye nyanya yangu, mama yake mama. Wakati ule tuliishi Lindi, kule Kibera, sisi watatu katika chumba kimoja: Dani, Mama na mimi. Wa rika langu wanaukumbuka wakati wenyewe, shule zilipofungwa tukafurahi kwa wiki moja, kisha tukaanza kuota ubao na chaki. Mama alikuwa akifulia watu nguo upande wa Riruta, hadi siku wale watu walipomwambia kwa simu asije tena mpaka ugonjwa upite. Dani alikuwa ameshaacha kuuza samaki kwa sababu ya miguu yake. Kazi yangu mimi ilikuwa maji.

Maji tuliyachota kwa Mama Nduku, mama mmoja wa Kitui aliyekuwa na tangi na mfereji. Maji yalikuja yalipotaka. Kwa hiyo hakuna aliyesimama kuyangoja. Ulipeleka mtungi wako alfajiri, ukauweka nyuma ya mitungi mingine, ukaenda kutafuta riziki. Mtungi ndio uliokuwa wewe. Kuruka mtungi wa mtu ilikuwa sawa na kumruka yeye mwenyewe mbele ya macho yake, na hakuna aliyethubutu. Halafu kulikuwa na sheria ya pili, ambayo hakuna aliyetufundisha lakini kila mtoto wa Lindi aliijua: mtungi ukifika mferejini na mwenyewe hayupo, aliye nyuma anaujaza, anaufunga na kuuweka kando hadi mwenyewe aje. Niliwahi kuona wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani, kisa mwanamume, na bado mmoja akamjazia mwenzake mtungi, huku amenuna.

Sasa niwaambie Dani alikuwa akitaka nini. Alitaka kurudi nyumbani kwao karibu na ziwa, mahali alipopaita dala, akakae huko moja kwa moja. Anko Ouma, kaka yake Mama, alikuwa amemjengea nyumba ya mabati yenye mlango unaotazama ziwa. Lakini kabla ya kwenda, Dani alitaka kuagwa kanisani. Kanisa letu lilikuwa la mabati pia, kule Kambi Muru, lenye Waluo, Waluhya na Wakamba wakisali pamoja kwa Kiswahili kilichovunjika kila upande. Pale palikuwa na desturi yake. Mtu anayehama Nairobi moja kwa moja aliwekewa kiti mbele, kila mshiriki akaja kumshika mkono na kumwachia kitu, leso au kilo ya sukari, kisha kanisa zima likamsindikiza kwa wimbo hadi barabarani, wamama wakimbebea mizigo. Aliyekuwa akibeba begi kubwa kuliko wote, miaka yote, alikuwa Dani. Alikuwa amesindikiza watu wa kila kabila kwenda kila upande wa nchi. “Mtu akiondoka bila kuagwa,” alisema, “ameondoka kama amefukuzwa.”

Siku yake ilikuwa imeshatangazwa. Ndipo korona ikaingia, makanisa yakafungwa, na Nairobi nayo ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Dani akalikunja gauni lake la kitenge, akalirudisha sandukuni, akangoja.

Kisha jioni moja serikali ikalegeza. Jirani yetu mwenye televisheni aliigeuza itazame mlangoni, nasi tukasimama nje tukisikiliza, kila mtu na barakoa yake imeshuka kidevuni. Ilisemwa kwamba nchi itafunguliwa hatua kwa hatua. Barabara za kutoka Nairobi zimefunguliwa. Makanisa nayo yatafunguliwa, ila kwa masharti. Mama alimshika Dani bega. “Mama, barabara imefunguliwa. Sasa unaweza enda.”

“Nimesikia,” Dani akasema. “Na kanisa wamesema itakuwa lini?”

Jumapili kanisa lilipofunguliwa, tulikwenda, mimi na yeye, mkono wake mzito begani mwangu. Nje kulikuwa kumechorwa miduara ya chokaa, kutoka langoni hadi mlangoni, ili watu wasimame mbali mbali. Mlangoni alisimama Brother Mutua, fundi wa viti aliyekaa chumba cha nyuma ya kanisa na kulilinda. Alikuwa na kile kipima joto cha kuelekezwa usoni kama bastola. Alimpima Dani paji la uso, akainamisha kichwa.

“Joto yangu ni mbaya?” Dani akauliza.

“Joto iko sawa, Mama. Ni miaka ndio mingi.” Akaeleza kwa sauti ya chini: watu mia tu, saa moja tu, na hakuna kuingia mtoto wa chini ya miaka kumi na tatu wala mtu aliyepita hamsini na nane. Mimi nilikuwa sijafika na Dani alikuwa amepita. Tulikataliwa wote wawili kwa mpigo.

“Hiyo mwaka kwa kitambulisho iliandikwa na karani,” Dani akasema. “Mimi mwenyewe sijui nilizaliwa lini.”

“Basi karani alikuona ukikaa mzee mapema.”

Watu walio nyuma walicheka kidogo, Dani naye akacheka. Lakini tulipogeuka nikaona macho yake. Tulirudi Lindi, na wimbo wa kufungulia ibada ukitufuata kwa nyuma, wimbo ambao siku zote aliuanzisha yeye. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia siku ile.

Jioni yake Pasta alimpigia simu akataka kumuaga kwa njia hiyo hiyo, amwombee kwa spika, wamama wengine wawekwe laini moja waimbe. Dani alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akamwambia, “Pasta, mimi sikuokoka kwa simu.”

Mimi usiku huo nilifikiri sana, na nikadhani nimeielewa serikali. Hatua kwa hatua, walisema. Hivyo ndivyo Mama Nduku alivyofungua mfereji. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba hatapata. Alisema subiri, wewe bado. Kwa hiyo kulikuwa na foleni mahali. Watu mia walikuwa mbele, sisi wengine nyuma, na siku moja wangefika kwa wazee. Lakini mtu aliyekaa nyumbani Lindi akisikitika, nani angejua kwamba yumo kwenye foleni?

Jumapili iliyofuata nilichukua mtungi wa Dani, mtupu, nikafunga kitambaa chake cha buluu kwenye mkono wa mtungi ili kila mtu ajue ni wa nani. Nikaupeleka Kambi Muru na kuuweka kwenye mduara wa mwisho kabisa, pale langoni.

“We Atieno,” mama mmoja akaniita, “hii mtungi ni ya nini? Kanisa haina maji.”

“Ni ya Dani. Inamshikia laini.”

Nilitarajia wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama yule aliutazama mtungi, akakitambua kitambaa, akasogea hatua moja ili asiukanyagie mduara. Brother Mutua alikuja kuona kuna nini, nami nikamweleza yote, habari ya Mama Nduku na mfereji na serikali. “Wakifika kwa wazee,” nikamwambia, “wasiseme hakuwa kwa laini.”

Alijikuna shingo kwa ile bastola yake ya homa. “Wacha hapo,” akasema. “Nitaiangalia.”

Jumapili iliyofuata nikakuta mtungi umesonga. Haukuwa tena langoni. Ulikuwa miduara kadhaa mbele, karibu na nguzo ya stima, na kitambaa chake kimefungwa vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. Nilikimbia hadi nyumbani. Dani alikuwa ameketi mlangoni na gauni lake la kitenge, maana kila Jumapili alivaa hata kama hana pa kwenda.

“Dani, umesonga. Uko kwa nguzo.”

“Nani amenisongesha?”

“Serikali.”

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Mama akatoka kuangalia. Lakini hakuniambia kwamba si serikali. Nami niliamini kabisa. Nilimwona kichwani mwangu afisa mwenye suti na barakoa, akiruka mitaro ya Kambi Muru katikati ya wiki kuja kuhesabu foleni, akisema, huyu wa kitambaa cha buluu, songa.

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Kila Jumapili nikirudi, kabla sijavua viatu, Dani aliuliza, “Tumefika wapi?” Nami nikamjibu: tumepita nguzo, tumefika penye dirisha, tumeanza kusikia Pasta akiongea. Alitaka kujua nani alisimama mbele yake na nani nyuma, na kama mama wa nyuma ni fulani, alisema, huyo hatanisukuma, huyo nilimlelea mtoto. Niliona anaishi tena. Alianza hata kuimba akipepeta mchele.

Anko Ouma naye alikuwa akipiga simu. Nyumba imepakwa rangi, kitanda kiko tayari, gari ni la kukodi tu. Mama alimweka kwenye spika na Dani akajibu yeye mwenyewe.

“Ouma, nimebakisha kidogo. Nani hutoka kwa laini akibakisha kidogo?”

Mama alikasirika siku hiyo. Miguu ya Dani ilikuwa imeanza kuvimba, presha ilikuwa juu, na zahanati ilijaa woga kiasi kwamba wagonjwa wa magonjwa ya zamani hawakutaka kuikaribia. “Mama, dala kuna hewa, kuna watu wa kukushika. Hiyo kitu iko kanisani ni mtungi tu.”

“Na laini ya Mama Nduku ni nini?” Dani akamuuliza taratibu. “Si ni mitungi tu?”

Mama alipasha maji. Alimkanda miguu kwa maji ya chumvi, akiwa amemgeuzia uso ili asimwone analia. Mimi nilimwona.

Ilikuwa katikati ya wiki, alasiri, jua limepiga mlango wetu. Nilikuwa nachambua maharagwe na Dani ameketi kwenye kigoda, mgongo ukiegemea fremu ya mlango. Akaniuliza, “Nyakwara, tumefika wapi?” Nyakwara ni mjukuu kwa Kijaluo, na aliniita hivyo akiwa amefurahi. Nilishangaa kwa sababu haikuwa Jumapili, lakini nilijibu kama ilivyokuwa Jumapili iliyopita.

“Umebakisha wawili tu, Dani.”

“Wawili si wengi,” akasema.

Akafumba macho. Nilidhani amelala, maana alikuwa na tabia ya kulala ameketi, nikaendelea na maharagwe na nikajitahidi nisigonge sufuria. Mama ndiye aliyerudi akamgusa.

Sitasimulia kilio. Kila mmoja wetu ana chake kutoka wakati ule, na vyote vilikuwa vya sauti ya chini kwa sababu ya majirani na maneno yao ya korona. Nitasimulia gari. Gari la kumpeleka dala lilikuja hadi barabarani, na viti vyake vingi vilikuwa vimetiwa alama ya msalaba kwa utepe, visikaliwe. Mama alipanda, na ndugu wachache, mimi nikaambiwa nitabaki kwa Mama Nduku. Nilisimama dirishani nikavitazama vile viti vitupu. Nilikuwa mwembamba, ningetosha nusu ya kimoja. Sikuelewa vimewekewa nani, wakati mimi niliyechota maji ya Dani kila siku nilikuwa nimesimama hapo. Gari likaondoka. Hakukuwa na wimbo wala wamama wa kubeba mizigo, na begi la gauni la kitenge alilipakata Mama peke yake. Dani, aliyekuwa amesindikiza watu wote, aliondoka kama alivyoogopa kuondoka.

Sikwenda tena Kambi Muru. Sikutaka kuuona mtungi. Niliichukia serikali kwa hasira ya mtoto, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu ilikuwa imemsogeza nguzo kwa nguzo, dirisha kwa dirisha, kisha ikachelewa kwa watu wawili.

Wiki zikapita, na masharti yakalegezwa tena. Safari hii wazee wa umri wa Dani waliruhusiwa kanisani, na watoto pia. Mama alisikia habari hiyo kwenye redio akiwa anaosha vyombo. Akaacha mkono wake ndani ya beseni kwa muda mrefu. Jumapili akaniambia nivae.

Miduara ya chokaa ilikuwa imefifia kwa kukanyagwa. Watu walikuwa wamejipanga, na kwa mara ya kwanza tangu zamani kulikuwa na vichwa vyeupe na watoto kati yao. Na mbele ya wote, kwenye mduara wa kwanza, mlangoni kabisa, ulikuwa umesimama mtungi wenye kitambaa cha buluu. Hakuna aliyekuwa amesimama mbele yake. Nilipita kando ya foleni nzima nikaushika ili niondoke nao, nikavuta kwa mkono mmoja kama mtu anavyoshika mtungi mtupu, na haukuinuka.

Ulikuwa umejaa.

Nilimtazama Brother Mutua. Alikuwa amevua barakoa, kinyume cha masharti yote, labda ili niione midomo yake ikisema.

“Ilifika mbele,” akasema. “Mwenyewe hakuwa. Si unajua sheria, Atieno. Tukajaza.”

Hapo ndipo nilipojua hakukuwa na afisa wa suti. Mikono iliyokuwa ikiusogeza, ikiuingiza ndani usiku usiibiwe na kuurudisha asubuhi mduara mmoja mbele, ilikuwa hii hii yenye gundi ya mbao kwenye kucha. Na kila aliyesimama nyuma yake Jumapili baada ya Jumapili alikuwa amekubali, bila kusema, kwamba Dani yuko mbele yake.

Tuliingia, tukaomba ile saa tuliyopewa, mtungi ukiwa kwenye kiti cha mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kushika mkono wa mwenzake. Ibada ilipoisha watu walitoka kwanza, sisi tukaambiwa tungoje. Tulipotoka, mimi na Mama, tukiwa tumeushika mtungi huku na huku, tuliwakuta wamesimama kwenye miduara ile iliyofifia, mmoja mmoja, kutoka mlangoni hadi langoni. Mama yule aliyeniuliza kuhusu maji ndiye aliyeanzisha wimbo wa kusindikiza. Tulipita dirishani, tukapita nguzo ya stima, polepole, maana mtungi ulikuwa mzito na Mama alikuwa akilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, bila kujali majirani. Kila tuliyempita aliinamisha kichwa. Kwenye mduara wa mwisho, pale nilipouweka siku ya kwanza, alisimama Brother Mutua. Masharti hayakuruhusu umati barabarani, kwa hiyo wimbo uliishia langoni.

Nyumbani Mama aliwasha jiko akachemsha chai kwa maji yale. Alikunywa kidogo, akakishusha kikombe.

“Ina mafuta,” akasema.

“Eeh,” nikamwambia. “Ni yake.”

Tulikunywa chai na maji ya mtungi ule siku mbili, hadi yakaisha.